Mizigo Ndani ya Tembe

Nyumba ya Kwihara ni tembe la udongo, lenye kuta nene, paa bapa, na mlango wa mbao uliochongwa kwa ustadi wa watu wa pwani. Iko kilomita chache kutoka mjini Tabora, na kwa miaka mingi imekuwa makumbusho ya Dk. Livingstone. Katika maisha yangu ya ualimu niliwapeleka wanafunzi huko zaidi ya mara kumi. Kila mara niliwaeleza habari zilezile: misafara, pembe za ndovu, biashara ya watumwa, vita vya Mirambo, na jinsi Stanley alivyomkuta mzee wake kule Ujiji, hadithi ambayo nimeisimulia hata imenichosha. Lakini sikuwahi kuwaeleza juu ya homa, na sasa, katika uzee wangu, naona kwamba ndiyo iliyotawala ndani ya zile kuta kuliko sultani na kuliko liwali.

Stanley alifika Kwihara mwezi Juni 1871 akiwa na mizigo ya vitambaa, shanga na nyaya. Vita baina ya Waarabu wa Unyanyembe na Mirambo vilimzuia kuendelea, akakaa pale takriban miezi mitatu. Sehemu ya muda huo aliipoteza kitandani, homa ikimpanda mpaka hesabu yake ya tarehe ikavurugika. Mwenzake John Shaw, Mwingereza aliyekuwa baharia, hakupona. Alizikwa hapo hapo Kwihara. Februari 1872 Stanley alirudi pamoja na Livingstone, wakakaa hadi tarehe 14 Machi, kisha mzee akabaki peke yake akiwangoja wapagazi kutoka pwani, akaondoka tarehe 25 Agosti kwa safari ambayo hakurudi. Mwaka uliofuata ikawa zamu ya Luteni Cameron na wenzake. Homa iliwalaza wote, na macho ya Cameron yakaingia giza kwa muda. Walikuwa katika hali hiyo, mwezi Oktoba 1873, Chuma alipowaletea habari kwamba Livingstone amefariki na kwamba maiti yake iko njiani. Dk. Dillon, daktari wa jeshi la majini aliyefuatana na Cameron, alishika njia ya kurudi pwani, na katika kuweweseka kwake akajipiga risasi mwezi Novemba.

Hao ni wageni, nao waliandika. Watoto wa Kinyamwezi waliokufa kwa homa hiyohiyo katika vijiji vya jirani hawakuandikwa na mtu.

Livingstone mwenyewe alikuwa daktari. Alikuwa na vidonge alivyovibuni yeye, mchanganyiko wa kwinini na dawa za kuharisha. Kwinini ilikuwa imetolewa katika magamba ya mti wa Amerika ya Kusini na wanakemia wawili wa Paris, Pelletier na Caventou, mwaka 1820. Mzee yule alijua kwamba inafaa, bali hakujua inafanyia kazi wapi. Miaka minane baada ya yeye kuondoka Kwihara, yaani tarehe 6 Novemba 1880, daktari wa jeshi la Ufaransa aitwaye Alphonse Laveran alitazama damu ya askari mgonjwa kwa hadubini huko Constantine, Algeria, akaona viumbe vikichezacheza. Ndivyo vijidudu vya malaria vilivyojulikana. Lakini hata kabla yake, mwaka 1847, Mjerumani Heinrich Meckel alikuwa ameona chembechembe nyeusi katika damu ya mgonjwa aliyekwisha kufa. Hakuna aliyejua weusi ule umetoka wapi.

Sasa tunajua, na hapa ndipo ninapotaka msomaji anifuate polepole, kwa sababu mambo yenyewe yanatokea mahali padogo mno.

Kijidudu cha malaria huingia ndani ya seli nyekundu ya damu, na kwa muda wa saa kama 48 hula sehemu kubwa ya himoglobini iliyomo, ile protini yenye chuma inayobeba hewa ya oksijeni. Hakili ovyo. Kina kifuko maalumu cha kusagia chakula, na nje ya kifuko hicho hakisagi. Sasa himoglobini ikisagwa hubakiza hemu, ile sehemu yenye chuma, nayo hemu ni sumu inayoweza kukiua chenyewe. Hakina pa kuitupa. Kinachofanya ni kuipanga: hemu hushikamanishwa, hii juu ya ile, mpaka zikawa fuwele ngumu kama punje za chumvi, isipokuwa hizi ni nyeusi na haziyeyuki. Huo ndio weusi aliouona Meckel. Sumu ni ileile. Ikipangwa huwa kokoto isiyodhuru, isipopangwa huua. Klorokwini, dawa iliyotulea sisi sote, hupenya ndani ya kifuko hicho na kuzuia upangaji. Kwinini inadhaniwa kufanya kazi kwa njia inayofanana. Kwa hiyo vidonge vya Livingstone havikuwa vikipigana na homa kama tulivyodhani. Vilikuwa vikivuruga ghala.

Na klorokwini ilishindwaje? Wasomaji wa umri wangu wanaikumbuka vizuri, hasa ule mwasho, hata wanafunzi wakaficha vidonge chini ya ulimi ili wasije wakajikuna usiku kucha. Serikali yetu iliiacha kuwa dawa ya kwanza mwaka 2001. Mwaka 2000 wanasayansi walikuwa wametambua protini moja iliyo kama mlango katika ukuta wa kile kifuko. Katika vijidudu sugu mlango huo umebadilika kidogo, na dawa ikiingia hutolewa nje kupitia hapo hapo. Dawa ilikuwa bado mwilini, na hata ndani ya kijidudu, ila haikuwa tena mahali pake.

Nakiri kwamba mambo haya sikufundishwa. Mwaka 1971, nikiwa chuo cha ualimu, mkufunzi wetu wa sayansi alichora duara ubaoni, akaweka kidoa katikati akakiita kiini, kisha akasema palipobaki ni ute. Alikuwa mtu mwema na chaki ilikuwa haba. Nami nilipotoka nikalichora duara lile katika madarasa yangu kwa zaidi ya miaka thelathini. Seli ni mfuko, ndani yake mna ute: watoto waliandika hivyo, na waliofanya mtihani walipata alama. Ukiamini kwamba seli ni mfuko wa uji, utaamini pia kwamba ugonjwa ni kitu kibaya kilichotiwa ndani ya uji, basi. Haikunijia kwamba vitu vilevile, vikikaa vibaya, vyaweza kuwa ugonjwa wenyewe.

Mwaka 1986 nilikuwa mkuu wa shule moja ya bweni ambayo sitaitaja. Alikuwapo mvulana wa kidato cha pili, mwembamba, macho yake yana umanjano, akili zake nzuri hasa katika hesabu. Siku za kawaida alikuwa kama wenzake. Lakini ilipofika Juni na Julai, baridi ya asubuhi inapokaza katika nchi yetu ya miombo, alikuwa haamki kwenda mbio. Alisema miguu inamuuma, mara mgongo, mara kifua. Alilia, mvulana wa miaka kumi na mitano. Baada ya siku nne au tano huyo anacheza uwanjani. Mimi na walimu wenzangu tulikwisha kumjua: huyu ni mjanja. Nikaamuru akimbie kama wenzake, na akichelewa achote maji ya jikoni, ndoo kumi, kutoka kisima cha bondeni.

Mama yake alikuja mara moja, kwa miguu na kwa lori la tumbaku. Alisimama mlangoni mwa ofisi akanipa shikamoo, ingawa alikuwa amenizidi umri, nami nikaipokea. Akasema, “Mwalimu, huyu mtoto damu yake si nzima. Wawili waliomtangulia walikwenda hivihivi.” Nikamjibu kwamba shule ina utaratibu wake, na kwamba zahanati ilikwisha mpa klorokwini. Alinishukuru, akaondoka.

Mwisho wa mwaka niliandika katika ripoti yake: Mvivu, hujisingizia ugonjwa, ajirekebishe. Alikwenda likizo ya Desemba. Barua ya baba yake ilinifikia mwezi Februari, imeandikwa kwa penseli, kuniarifu kwamba mtoto hatarudi, amefariki. Aliambatanisha ile ripoti. Hakuandika neno jingine juu yake.

Ugonjwa wa mtoto yule siku hizi tunauita selimundu, na jina hilo ni zuri, kwa maana mundu ni kitu tunachokijua. Ndio tunaovunia mpunga. Daktari James Herrick wa Chicago ndiye aliyetangaza mwaka 1910 kwamba ameona seli nyekundu zilizopinda kama mundu katika damu ya mgonjwa wake, naye mgonjwa huyo alikuwa mwanafunzi, kijana wa kisiwa cha Grenada aliyekuwa akisomea udaktari wa meno. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake walionyesha kwamba kasoro iko katika himoglobini yenyewe. Mwaka 1956 Vernon Ingram, huko Cambridge, akaona ni kasoro ndogo kiasi gani. Himoglobini ina minyororo minne, na mnyororo mmojawapo wa aina iitwayo beta una viungo 146. Kiungo cha sita tu ndicho kilichobadilika. Tofauti na kile cha asili, hiki kilichoingia hakipatani na maji.

Hebu fikiri. Seli nyekundu iliyokomaa haina hata kiini. Katika seli zote za mwili hii ndiyo inayokaribia kuwa ule mfuko niliouchora ubaoni, nao umejazwa himoglobini kama milioni 270, zimebanana lakini kila moja inateleza kwa nafasi yake. Katika mgonjwa, himoglobini inapotoa oksijeni mwilini, umbo lake hubadilika kidogo, na kile kiungo kisichopenda maji hutafuta pa kujificha. Hukipata kijishimo katika himoglobini ya jirani. Jirani naye hushika jirani yake. Hujipanga katika nyuzi, nyuzi kumi na nne husokotwa kuwa ufito mmoja, na fito zikiwa nyingi huisukuma seli mpaka inapinda. Himoglobini hizo hazijaoza wala hazijapungua. Zimejipanga tu, pale ambapo zilipaswa kuwa huru.

Seli iliyokakamaa hivyo haipiti katika mishipa myembamba. Nyuma yake hukwama nyingine. Mfupa ulio mbele ya kizuizi hukosa damu, na huo ndio uchungu uliomliza mvulana wangu. Seli yenyewe, ambayo ingeishi siku kama 120, hufa kwa siku kumi hadi ishirini; ndiyo maana ya macho ya manjano.

Jambo lililonitesa zaidi nilipolisoma ni hili: kujipanga huko huchukua muda. Seli ikiwahi kurudi mapafuni kuchukua oksijeni kabla fito hazijakamilika, hakuna kinachotokea. Ni mbio kati ya vitu viwili. Lakini mwili ukipungukiwa maji, seli husinyaa, himoglobini hubanana zaidi, na muda ule hufupika ghafla. Baridi hubana mishipa ya damu na kuichelewesha seli njiani. Mbio na kazi ngumu hunyonya oksijeni na maji. Mtu akiniomba leo niandike ratiba ya kumtesa mtoto mwenye selimundu, nitamwandikia ratiba ya shule yangu ya mwaka 1986: mbio alfajiri ya Julai, tumbo tupu, kisha ndoo kumi kutoka bondeni.

Kwa nini ugonjwa huu umekaa kwetu? Aliyeliona jibu alikuwa Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya. Kuanzia mwaka 1949 alipima damu za watu wa makabila mengi ya Kenya, baadaye akaendelea Uganda na Tanganyika, na mwaka 1954 akatangaza aliyoyaona. Mahali penye malaria kali, watu wengi walikuwa wamerithi kasoro hiyo kwa mzazi mmoja. Mahali pa baridi au pakavu, palipo na malaria kidogo, walikuwa wachache sana. Huko Bwamba, magharibi ya Uganda, wapimaji wengine walikwisha kuona mwaka 1949 kwamba wenye nayo walikaribia nusu. Anayeirithi kwa mzazi mmoja haugui selimundu. Hana hata habari. Ila malaria kali humwogopa. Utafiti wa Kilifi, pwani ya Kenya, umeonyesha kinga inayofikia karibu asilimia 90 dhidi ya malaria ya kuua.

Namna kinga hiyo inavyofanya kazi haijaelezwa yote, lakini mwaka 2011 watafiti wa Heidelberg, Ujerumani, walionyesha sehemu yake. Kijidudu kikisha kuingia katika seli ya damu hakikai kama mgeni. Hubomoa nguzo za mwenye nyumba, nyuzi za protini iitwayo aktini zilizo chini ya utando wa seli, na kuzijenga upya ziwe njia za kupitishia mizigo yake mpaka juu ya seli. Mizigo hiyo ni protini za kunata. Ndizo zinazoifanya seli igande katika mishipa ya ubongo, na mgonjwa akaweweseka kama Dillon. Katika damu yenye himoglobini ya mundu, njia hizo hazijengeki sawasawa. Mizigo haifiki. Nilipoyasoma haya nilicheka peke yangu, maana nilimkumbuka Stanley, mizigo yake imejaa ndani ya tembe la Kwihara na njia ya Ujiji imefungwa na Mirambo.

Njia ile ya misafara haikupitisha pembe na vitambaa peke yake. Leo Oman pia wana selimundu, na sehemu moja ya wagonjwa wao wana alama ya urithi ileile inayopatikana kwa Wabantu wa huku kwetu. Kuna damu iliyotoka bara ikafika pwani, ikavuka bahari. Nyingine ilivuka kwa ndoa, nyingine kwa minyororo.

Nami ningeyasoma haya yote kama habari za watu wengine, lau si mjukuu wangu. Alizaliwa mwaka 2014. Alipofika miezi minane vidole vya mikono yake vilivimba, akalia bila kunyamaza. Wazazi wake walidhani ni homa. Aliyepima damu yake alituomba tupimwe na sisi, nami nikiwa na miaka sitini na mitano nikaambiwa kwamba ninayo, kutoka kwa mzazi mmoja. Nililala na kuamka na neno hilo. Katika utoto wangu nilizikwa karibu na kuzikwa kwa homa, kama alivyozoea kusema mama, na wadogo zangu wawili homa hiyo iliwachukua. Huenda mimi nilibakizwa na nusu ya kitu kilekile kilichomwondoa mvulana wa hesabu, ambacho nilikiita uvivu.

Hukadiriwa kwamba watoto kama 11,000 huzaliwa na selimundu kila mwaka katika Tanzania. Kule Muhimbili, tangu mwaka 2004, Profesa Julie Makani na wenzake wamewafuatilia wagonjwa kwa maelfu, na kwa kazi hiyo hata sisi wa mikoani tumeanza kusikia jina la ugonjwa. Mjukuu wangu anameza kidonge cha haidroksiyurea. Dawa hii huuamsha mwili utengeneze himoglobini ya kichanga, ile aliyokuwa nayo mtoto tumboni mwa mama. Himoglobini hiyo haikubali kusokotwa; ikikaa katikati ya nyingine, ufito haukamiliki. Daktari Janet Watson wa New York alihisi tangu mwaka 1948 kwamba ndiyo inayowalinda vichanga wasiugue miezi ya kwanza. Kwa muda mrefu ilihofiwa kwamba dawa hiyo ingezidisha malaria kwa watoto wa Afrika. Matokeo ya uchunguzi uliofanywa Angola, Kongo, Kenya na Uganda, yaliyochapishwa mwaka 2019, yalionyesha kinyume: uchungu ulipungua, vifo vilipungua, na malaria nayo ikapungua.

Mwaka juzi nilimchukua binti huyo tukaenda Kwihara. Ilikuwa Julai. Nilimvika sweta mbili, na chupa ya maji nikaibeba mimi. Alipouona mlango uliochongwa alitaka kukimbia.

“Babu, tushindane.”

Nikamwambia twende polepole. Tuliingia ndani, tukavitazama vyumba, akaniuliza mizigo yote ya watu wale ilikaa wapi, nikamwonyesha. Kisha tulitoka tukakaa chini ya mwembe. Alikunywa maji, nami nikahesabu mafunda.

Ile barua ya penseli bado ninayo, pamoja na ripoti. Mama wa mvulana, kama yu hai, atakuwa amepita miaka tisini. Kijiji chake nakijua. Ni mwendo wa saa tatu kwa basi, na barabara siku hizi ina lami karibu yote. Nimekwisha kata tiketi mara mbili, na mara zote mbili nikairudisha.